Shilingi Moja Inayobaki: Sifa za Milioni Katika Kichochoro cha Kikuubo

Katikati ya jiji la Kampala, karibu na kituo kikongwe cha teksi na si mbali na soko la Owino, ipo njia nyembamba inayojulikana na wafanyabiashara wa Uganda nzima, na hata na wenzao wa Sudan Kusini, Kongo na Rwanda. Njia hiyo ni Kikuubo. Neno lenyewe ni la Kiganda, na maana yake ni kichochoro, yaani mapito yaliyobanwa na kuta pande zote mbili. Lakini kichochoro hiki kimebeba biashara ya jumla iliyo kubwa kuliko upana wake. Sukari, chumvi, mchele, sabuni, mafuta ya kula na biskuti huingia kwa malori na kutoka kwa vichwa vya wapagazi.

Askari na polisi wanaijua Kikuubo kwa namna zao. Mmoja hupangwa kulinda hapo usiku, maduka yakiwa yamefungwa. Mwingine hutumwa kununua mahitaji ya jiko la kikosi. Wa tatu huitwa kuamua ugomvi wa mnunuzi na muuzaji juu ya fedha zilizopungua. Wote watatu hukutana na namba ileile, nayo ni milioni moja.

Waganda huiita akakadde. Elfu kumi kwao ni omutwalo, na laki ni akasiriivu. Mwenye masikio akipita Kikuubo atayasikia majina hayo tangu asubuhi hadi jioni. Hata hivyo, ni wachache wanaosimama na kuiuliza namba hiyo: wewe umeundwa na nini, unagawika kwa nani, na kwa nani unakataa? Makala haya yanakusudia kuiuliza maswali hayo. Sababu si kupoteza wakati, bali ni kwamba majibu yake yaweza kumwokoa mtu asiye na hatia, na yaweza kumfichua mwenye nayo.

MILIONI IMEUNDWA NA NINI

Kwanza tukumbuke kwamba milioni ya leo si milioni ya zamani. Mwezi Mei 1987 Serikali ya Uganda ilitoa shilingi mpya. Kila shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa shilingi 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa kuwa kodi ya ubadilishaji. Aliyekuwa na milioni moja aliondolewa sufuri mbili, akabaki na 10,000. Kisha akakatwa 3,000, akaenda nyumbani na 7,000. Baadaye miaka ilipita, bei zikapanda, na milioni ikarejea sokoni. Leo mnunuzi huihesabu kwa noti 20 za shilingi 50,000.

Namba kubwa ni kama kikosi: huwezi kukielewa mpaka ujue askari wake. Ukiivunja milioni mpaka isivunjike tena, utapata namba mbili tu, yaani 2 na 5. Mbili inajizidisha mara sita, na tano inajizidisha mara sita. Hakuna tatu ndani yake, hakuna saba, hakuna kumi na moja. Mbili na tano ni namba tasa, maana yake haziwezi kugawanywa sawasawa ila kwa moja na kwa zenyewe.

Kutokana na muundo huo, milioni ina vigawo 49, yaani zipo namba 49 zinazoigawa bila kubakisha kitu. Idadi hiyo si shufwa, na sababu yake ni nzuri kuijua. Kwa kawaida vigawo hutembea wawili wawili: 2 huenda na 500,000, 4 huenda na 250,000, 5 huenda na 200,000. Lakini 1,000 haina mwenzake ila yenyewe, kwa kuwa elfu mara elfu ndiyo milioni. Hiyo peke yake yabaki katikati kama kamanda mbele ya safu mbili.

Noti za Uganda zimeifuata tabia hiyo. Noti ya 1,000, ya 2,000, ya 5,000, ya 10,000, ya 20,000 na ya 50,000, zote zimeundwa kwa mbili na tano pekee. Ndiyo maana milioni hukamilika kwa noti za aina yoyote ile bila kuhitaji chenji: noti 1,000 za elfu moja, au 500, au 200, au 100, au 50, au 20. Mhesabu fedha anayesema kwamba milioni kamili ya noti za 20,000 ina noti 49 na chenji, huyo amekosea au anakusudia kukosea.

FEDHA HAIIPENDI TATU

Sasa tutazame upande wa bidhaa. Fedha za Kikuubo zinahesabiwa kwa makumi, lakini bidhaa nyingi zinahesabiwa kwa dazeni. Katoni huwa na vipande 12, au 24, au 48. Namba hizo zote zina tatu ndani yake, na milioni haina tatu. Hapo ndipo pana mgongano usiokwisha kati ya sanduku la fedha na rafu ya bidhaa.

Gawanya milioni kwa 12, utapata 83,333 na salio la 4. Gawanya kwa 24, utapata 41,666 na salio la 16. Tuseme katoni moja ya vipande 12 inauzwa kwa shilingi 100,000. Kipande kimoja kitakuwa shilingi 8,333 na theluthi moja, na hakuna sarafu ya theluthi. Muuzaji ataandika 8,350. Kwa katoni moja, nyongeza ni shilingi 200 tu. Kwa katoni 10 nyongeza ni shilingi 2,000. Hakuna aliyeiba hapo. Ni tatu iliyokosa nafasi ndani ya milioni. Lakini asiyelijua jambo hilo ataona jumla mbili zisizolingana na kuanza kumtilia mwenzake shaka.

Sifa ya ajabu zaidi ni hii ifuatayo. Gawa milioni kwa watu 3, kila mmoja atapata 333,333, na itabaki shilingi 1. Gawa kwa watu 7, kila mmoja atapata 142,857, na itabaki shilingi 1. Kwa watu 9, ni 111,111, na itabaki 1. Kwa watu 11, ni 90,909, na itabaki 1. Kwa watu 13, ni 76,923, na itabaki 1. Kwa watu 37, ni 27,027, na itabaki 1. Ni shilingi moja ileile kila mara, kana kwamba ni mlinzi aliyekataa kuacha lindo lake.

Siri yake imo katika jirani wa milioni, yaani 999,999. Namba hiyo ikivunjwa huwa ni 3 mara 3 mara 3 mara 7 mara 11 mara 13 mara 37. Vigawo vyake ni 64, hali milioni ina 49. Basi ukiitoa shilingi moja tu katika milioni, fungu linalobaki linagawika kwa njia nyingi zaidi kuliko fungu zima. Na ukiongeza shilingi moja juu ya milioni, mambo hugeuka kabisa. Namba 1,000,001 ni 101 mara 9,901, na hizo mbili ni namba tasa. Kwa hiyo ina vigawo vinne tu: 1, 101, 9,901 na yenyewe. Namba tatu zinazofuatana, tofauti yake shilingi moja moja, na vigawo vyake ni 64, 49 na 4. Mwenye kusema kwamba shilingi moja si kitu, aitazame safu hiyo.

Nayo 142,857, fungu la kila mmoja katika watu saba, ina tabia yake. Izidishe kwa 2, utapata 285,714. Kwa 3, ni 428,571. Kwa 4, ni 571,428. Kwa 5, ni 714,285. Kwa 6, ni 857,142. Tarakimu ni zilezile sita, kwa mpangilio uleule, zikizunguka kama askari wanaobadilishana zamu. Ukizidisha kwa 7, zamu inakwisha na zote zinakuwa tisa: 999,999. Kwa hiyo mgawaji wa fungu la watu saba anaweza kujikagua bila karatasi. Ikiwa mafungu mawili, matatu au manne kwa pamoja hayakuleta tarakimu hizo sita, pana kosa.

Kwa vitendo, hakuna atakayegawa shilingi moja moja. Tukifanya 50 kuwa sarafu yetu ndogo, watu saba watapata 142,850 kila mmoja, na itabaki sarafu moja ya 50. Nani ataichukua? Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sarafu ya 50 ikibaki mara 20,000, imekuwa milioni nyingine. Katika chama cha akiba, katika jiko la kikosi, katika mchango wa msiba, salio hilo liandikwe na lipewe mahali pake pa kukaa. Kosa si kubaki kwa salio, maana namba yenyewe imeamua hivyo. Kosa ni kutoliandika.

NAMBA KAMA SHAHIDI

Hadi hapa msomaji aweza kusema kwamba haya ni mazungumzo ya darasani. Basi na tuje bohari.

Tuseme koplo mtunza bohari amekabidhiwa shilingi 1,846,000 aende Kikuubo kununua mahitaji ya jiko. Amerudi, mali imeingia, na daftari lake linaonyesha kwamba ametumia 1,846,000. Siku kumi baadaye mkaguzi anaifungua stakabadhi ya duka na kukuta imeandikwa 1,486,000. Tofauti ni 360,000. Minong'ono inaanza kambini. Wengine wanasema koplo amejenga. Wengine wanasema walimwona na viatu vipya. Kabla ya jua kuchwa, mtu amekwisha hukumiwa na wenzake.

Mkaguzi mwenye busara hafanyi haraka. Huichukua ile tofauti na kuigawa kwa 9. Shilingi 360,000 zikigawanywa kwa 9 ni 40,000 kamili, bila salio. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Tena jibu lenyewe lamwelekeza mahali pa kutazama. Ile 4 inasema kwamba tarakimu zilizobadilishana zinapishana kwa nne. Zile sufuri nne zinasema kwamba badiliko limetokea kati ya mahali pa makumi elfu na mahali pa malaki. Akitazama hapo, anakuta 8 na 4 zimesimama kinyume. Mkono ulioandika 1,846,000 na mkono ulioandika 1,486,000 umetofautiana kwa kupishanisha tarakimu mbili tu.

Kwa nini tisa? Sababu ni ileile ya shilingi moja inayobaki. Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Milioni ni 999,999 na moja. Kila mahali katika namba, ukiyatoa yale ya tisa, hubaki moja. Kwa hiyo tarakimu ikihama kutoka mahali pamoja kwenda pengine, salio la tisa halibadiliki, na tofauti ya namba mbili za namna hiyo lazima igawike kwa tisa. Sifa iliyotusumbua tulipokuwa tukigawa fedha, sasa imekuwa taa mikononi mwa mkaguzi.

Lakini hapa pana onyo kubwa, hasa kwa polisi mpelelezi. Kugawika kwa tisa si hukumu ya kuachiliwa. Katika kila namba tisa zinazofuatana ipo moja inayogawika kwa tisa. Mwizi aweza kuchukua 360,000 kwa bahati, na mwizi mwerevu aweza kuichukua kwa kusudi. Kipimo cha tisa chasema tu, anza kutazama hapa. Baada yake zifuate kazi zetu za kawaida. Tuseme mali iliyonunuliwa ni magunia 8 ya mchele kwa 200,000 kila moja, na katoni 6 za sabuni kwa 41,000 kila moja. Magunia ni 1,600,000, katoni ni 246,000, na jumla ni 1,846,000. Mpelelezi aingie bohari, ayahesabu magunia na katoni, aangalie kilichokwisha tumika na kilichobaki. Kisha aende dukani aione nakala ya stakabadhi. Mali ikikutwa kamili na bei zikithibitika, aliyekosea ni mwandishi wa stakabadhi, na koplo ni mtu safi. Mali ikipungua, kipimo cha tisa hakitamwokoa.

Upo pia upande wa pili wa kisu hicho. Wahasibu wengine hukagua hesabu zao kwa kujumlisha tarakimu na kuondoa tisa. Njia hiyo ni nzuri kwa makosa mengi, lakini kwa kosa la kupishanisha ni kipofu. Jumla ya tarakimu za 1,846,000 ni 19, na za 1,486,000 ni 19 vilevile. Kipimo kitasema yote ni sawa, hali laki tatu na elfu sitini zimepotea.

Dawa yake ni kipimo cha kumi na moja. Hesabu tarakimu ukianzia kulia. Jumlisha zilizo katika nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea. Kisha jumlisha zilizo katika nafasi ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea. Toa jumla ya pili katika ya kwanza. Ikiwa haitoshi, iongezee kumi na moja kwanza. Kwa 1,846,000 jumla ya kwanza ni 5 na ya pili ni 14. Tano na kumi na moja ni 16. Toa 14, zabaki 2. Kwa 1,486,000 jumla ya kwanza ni 9 na ya pili ni 10. Tisa na kumi na moja ni 20. Toa 10, zabaki 10. Mbili si kumi. Kosa limeonekana.

Basi mtunza bohari akiiandika 2 ndogo pembeni mwa 1,846,000 siku anapopokea fedha, kila atakayeinakili namba hiyo katika daftari jingine atakuwa na shahidi wa kumkumbusha. Wenye viwanda hufanya jambo lililo karibu na hilo. Tazama pakiti ya sabuni au ya biskuti kutoka Kikuubo. Chini ya mistari yake myeusi mara nyingi utakuta tarakimu 13. Ukianzia kushoto, zijumlishe zilizo katika nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano, hadi ya kumi na tatu. Halafu jumlisha zilizo katika nafasi ya pili, ya nne, hadi ya kumi na mbili, na jumla hiyo uizidishe kwa tatu. Majibu mawili yakijumlishwa, mwisho wake lazima uwe sufuri. Tarakimu ya mwisho imewekwa pale kwa kazi hiyo tu, kuzilinda zile kumi na mbili zilizotangulia. Tarakimu moja ikikosewa, jumla itakataa. Lakini hata mlinzi huyu ana usingizi wake: tarakimu mbili jirani zinazopishana kwa tano, kama 1 na 6, zikibadilishana nafasi, haoni kitu. Na mwenye kuiga pakiti nzima huiga na tarakimu zake, kwa hiyo kipimo hiki chaonyesha kosa la mwandishi, si ubora wa sabuni.

WAJIBU WETU

Ndugu askari, silaha hukaguliwa kabla ya kuingia lindo na baada ya kutoka. Namba nayo yastahili ukaguzi huo. Methali yetu yasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tuongeze kwamba daftari bila ukaguzi laweza kumpoteza mtu badala ya mali. Katika kazi zetu, namba iliyoandikwa vibaya yaweza kumvua mtu cheo, kumweka rumande, na kuwaacha watoto wake bila karo. Namba iliyoachwa bila kukaguliwa yaweza pia kumfuga mwizi kwa miaka mingi.

Kwa hiyo, unapotumwa Kikuubo, omba stakabadhi yenye idadi, bei ya kimoja na jumla, wala si jumla peke yake. Izidishe mwenyewe kabla hujaondoka mbele ya duka. Isome namba kwa sauti pamoja na muuzaji, tarakimu baada ya tarakimu. Mnapogawana, mliandike salio. Na siku utakapokuwa mkaguzi, ukikuta hesabu mbili hazilingani, toa ndogo katika kubwa na uigawe tofauti kwa tisa kabla hujamwita mtu mwizi. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, na aliyeshutumiwa bure huenda akahitaji miaka mingi kuirudisha heshima yake.